Togwa Iliyongoja Mkutano

Jumatatu, tarehe kumi na saba Machi. Asubuhi ukungu ulikaa muda mrefu, mpaka kuku walikuwa wanatembea kwa kusitasita uani. Halafu jua likatoka ghafla, jua lile la kati ya mvua na mvua, linalochoma shingo. Alasiri mawingu yalikuja kutoka upande wa ziwa, yakapita bila kunyesha.

Naandika jioni hii hii kwa sababu najijua. Nikilala na jambo, asubuhi nalikuta limeegemea upande wangu. Mimi nimeishia darasa la saba, na sina hakika kama napanga mambo yanavyotakiwa kupangwa, lakini nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake.

Jambo lenyewe ni shamba la mdogo wangu. Mdogo wangu ni mjane. Mume wake alifariki mwaka juzi akamwachia shamba moja la maana, lile la bondeni karibu na kijito. Mwaka jana lililala bila kulimwa kwa sababu yeye alikuwa mgonjwa wa mguu. Na upande wa ukoo wa mume wana kanuni yao: shamba likilala misimu miwili linarudi kwa wenyewe. Shemeji zake wawili walikwisha kupita pale mara kadhaa wakilipima kwa macho. Hawakumtukana, nisiwasingizie. Yule mkubwa alimwambia kwa upole, "Shemeji, hatukufukuzi. Ila ardhi haipendi kukaa bure." Upole ule ndio uliomnyima usingizi mdogo wangu.

Kwa hiyo ilikuwa lazima mwezi huu, udongo ukiwa bado laini, shamba liinuliwe matuta. Yale matuta yetu ya mviringo, ntumba, ambayo unakata ardhi pamoja na majani yake, unageuza, unafukia, unapanda maharage juu. Majani yakishaoza ndani, msimu unaofuata unayasambaza unapanda ulezi. Mvua zikikatika udongo unakuwa tofali, huingizi jembe. Na matuta hayainuliwi na mtu mmoja, sembuse mwanamke mwenye mguu mbovu.

Inatakiwa kualika watu. Na watu hawaji kwa maneno matupu: unapika pombe ya ulezi, wanalima, wanakunywa, kesho ni zamu ya mwingine. Pombe hiyo si malipo tu. Aliyekunywa pombe ya shamba lako ameliona shamba lako, hawezi baadaye kusema hajui ni la nani. Marehemu baba yetu alimaliza ugomvi wa mpaka kwa kuwaita tu waliokunywa. Walikaa mstari mmoja, wakasema "tulikunywa", ikaisha.

Sasa niseme wazi, mpishi wa pombe hiyo hapa kitongojini ni mimi. Ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Kwa hiyo nikizungumzia pombe, nisikilizwe kwa tahadhari.

Mdogo wangu aliokoka baada ya msiba. Akaacha kupika, akaacha hata kula nyumbani kwangu, kwa vile vyungu vyangu ndivyo hivyo hivyo. Iliniuma. Lakini haki ni haki. Sisi Wakatoliki wa jumuiya tulikuja msibani na nyimbo nzuri na masufuria makubwa, tukazika, tukala, tukaondoka. Walokole walirudi wiki iliyofuata kumchotea maji, na wiki iliyofuata tena. Hilo niliona kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwangu.

Walokole nao wanalimiana kwa zamu, ila wao wanatoa togwa, uji mtamu wa kimea usiolewesha. Shida yao ni uchache. Mdogo wangu angealika kwa togwa angepata watu wa benchi mbili. Mwaka huu mambo mawili yalimsaidia. La kwanza ni Kwaresima: Wakatoliki wengi hapa tunaacha pombe mpaka Pasaka, kwa hiyo mtu hadharau tena kualikwa kwa togwa. (Mimi niliacha sukari. Pombe ni kazi, na mpishi asiyeonja atauza nini?) La pili ni uchaguzi. Mwenyekiti wa kitongoji alihamia Mpui kumfuata mwanawe, nafasi ikabaki wazi, na wanaoitaka ni wawili: katekista wetu, na mzee wa kanisa la walokole, yule fundi baiskeli wa njia panda. Vyama vyao vipo, lakini sijasikia mtu akivitaja. Watu wanasema "wa pombe" na "wa togwa", basi.

Shamba la mjane, wakati wa kampeni! Hakuna kati ya wawili wale aliyeweza kukubali asionekane pale. Mdogo wangu alialika kidogo, wakaitikia wengi.

Alhamisi alikuja kwangu kutaka kimea cha ulezi. Hakuingia.

"Dada, hodi."

"Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha. Nipimie kimea. Cha togwa."

"Kimea ni kimea, mdogo wangu. Hakina dini. Tofauti yake ni kulala tu."

"Ndiyo maana mimi sikilazi," akasema. "Napika kesho jioni, Jumamosi mchana wanakunywa, kimekwisha."

Nilimpimia. Alikuwa ameleta ulezi wake wote uliobaki ili abadilishane, na nilipoona mfuko ulivyosinyaa nikajua ni kweli ulikuwa wote.

Ijumaa alipika. Giza lilipoanza kuingia, pikipiki ya ofisi ya kijiji ikapita na kipaza sauti: kesho asubuhi mkutano wa wagombea, kila mwananchi ahudhurie. Mdogo wangu alisimama mlangoni kwake na mwiko mkononi. Nyumba zetu zinatazamana, nilimwona.

Baadaye nilimuuliza mtendaji wa kijiji kwa nini Jumamosi, kwa sababu sikutaka kulaumu hewa. Alisema alipendekeza Alhamisi, mzee wa walokole akasema siku hiyo wanafunga na kuomba. Akapendekeza Ijumaa, katekista akasema kuna Njia ya Msalaba. "Mama, ningefanyaje?" aliniuliza. "Mungu amechukua siku zote, akaniachia Jumamosi."

Kwa hiyo kazi ikasogezwa Jumatatu, maana Jumapili hakuna anayeshika jembe, wa upande wowote. Togwa ilikuwa imeshapikwa. Kuimwaga hangeweza, ulezi wa kupika nyingine hakuwa nao. Aliiweka kwenye ndoo zenye mifuniko, akazifunika gunia bichi. "Ufipa ni baridi," alisema. "Itakaa." Mwezi wa sita ingekaa, ndiyo. Lakini Jumamosi na Jumapili jua liliwaka kama la Kipili kule ziwani.

Mkutano ulikuwa mrefu. Mtendaji alianza kwa kuonya: "Hapa hakuna dini. Atakayetaja dini namshusha." Wagombea hawakuitaja. Wananchi ndio hatukuweza kujizuia. Jirani yangu mmoja, fundi paa, mcheshi asiyejua kukaa kimya, alipaza sauti kutoka nyuma: "Tukimpa mlokole tutakunywa uji mpaka kwenye harusi!" Mama mmoja wa walokole akamgeukia pale pale: "Na tukimpa katekista utalewa mpaka kwenye ubatizo. Ingawa wewe hujasubiri uchaguzi!" Watu walicheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Mzee wa walokole alisema hatafunga kilabu cha pombe cha mtu yeyote, ila vilabu visikae karibu na shule. Watu wengi waligeuka kunitazama, maana changu kiko pale pale jirani na uwanja wa shule. Nilitazama mbele. Katekista alisema kazi ya mikono ya akina mama iheshimiwe, nikajua ananisemea mimi, nikafurahi. Kisha nikakumbuka kwamba yule mzee alizungumzia bomba la maji lililovunjika, na katekista wangu hakulitaja kabisa. Hilo nimeliandika ingawa silipendi.

Jumapili binti yangu alikuwepo. Anafundisha historia sekondari huko Matai, huja mara moja moja na samaki wa Kasanga. Tulikaa barazani tukichambua maharage nikamsimulia haya yote, wa pombe na wa togwa. Akatikisa kichwa.

"Mama, haya mambo yenu Waingereza waliyafanya zamani. Tulisoma chuoni."

"Waingereza walikuwa na ulezi?"

"Shayiri. Sikiliza basi. Kila parokia ilikuwa inapika pombe yake, wanauza kwa sherehe, fedha inatengeneza paa la kanisa. Halafu mfalme mmoja akagombana na Papa kwa sababu ya kutaka mke mwingine, akajifanya yeye ndiye mkuu wa kanisa. Baada yake kila mtawala akaja na lake. Wakatokea waumini wakali wakasema zile sherehe za pombe ni dhambi. Wakaenda kwa mahakimu, mahakimu wakapiga marufuku. Wengine wakasema, babu zetu walikunywa, paa litatengenezwa na nini? Mfalme mwingine akaja akasema waacheni wacheze wakishasali. Wale wakali ndio wakazidi kukasirika. Kijiji kimoja, pande mbili."

"Ikaishaje?"

"Vizazi vikapita, ikaja vita. Mfalme akakatwa kichwa."

"Kwa sababu ya pombe?"

"Sio pombe tu, mama. Kodi, bunge, nani mwenye amri. Pombe ilikuwa mlango mmojawapo."

Niliendelea kuchambua. Nikamuuliza wale waliokuwa wanapika walikuwa akina nani. Alifikiri. "Wanawake, nadhani, mara nyingi. Vitabu vinataja zaidi waliokunywa na waliokataza."

"Na mtu akiulizwa, akasema ukweli wake?"

"Inategemea nani anatawala. Wengine walichomwa moto, wengine walinyongwa. Pande zote."

"Pande zote?"

"Kwa zamu."

Neno hilo limekaa nami. Sisi tunalimiana kwa zamu. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kuchomana kwa zamu pia, kila mmoja akikumbuka wa kwake. Lakini binti yangu huenda alifupisha, na mimi huenda nimeelewa nusu. Nisiwahukumu Waingereza kwa masimulizi ya baraza moja. Jioni alipanda gari la kurudi Matai, akaniachia samaki.

Leo alfajiri watu wakaja kwenye ukungu. Ulisikia salamu kabla ya kuona sura. "Bwana asifiwe!" "Tumsifu Yesu Kristo!" Fundi paa akachanganyikiwa akaitikia "Amina!" kwa walokole, wakamshangilia kama mtu aliyeokoka, naye akajipangusa kifua kana kwamba kimemwagikiwa kitu. Wakaingia shambani wamechanganyika, kwa sababu kwenye mstari wa matuta huwezi kukaa na kanisa lako, unakaa penye nafasi.

Mzee wa walokole alitundika koti lake kwenye kichaka akalima kama kijana. Sijaona aliyeinua matuta mengi kumzidi. Katekista alilima upande wa juu, unaoonekana kutoka barabarani. Labda ndipo palipokuwa na nafasi. Mdogo wangu alikuwa anachechemea kati ya watu akipanga maharage ya kupanda, na kila tuta lililosimama alilitazama kidogo kabla ya kwenda kwenye lingine.

Mchana, nusu ya shamba ikiwa imekwisha, watu wakakaa kivulini na mdogo wangu akaleta ndoo. Mifuniko ilikuwa imevimba. Alipoifungua ya kwanza ikatoa pumzi, pfff, na povu likapanda. Mimi nilikuwa mbali kidogo, lakini pua yangu imefanya kazi hii miaka mingi. Nilijua.

Alichota akampa mzee wa walokole kwanza, kama mkubwa. Mzee alileta kikombe mdomoni, akakisimamisha hapo. Kijana mmoja wa kwaya yao, aliyepewa upande wa pili, alikuwa amekwisha kumaliza chake na ananyoosha mkono kuomba kingine.

"Mama," mzee akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Togwa, mtumishi. Niliipika Ijumaa."

"Ijumaa!" fundi paa akapasua kicheko. "Mzee, karibu nyumbani! Tumekungoja sana!"

Walokole wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema ni togwa iliyochachuka tu, kuchachuka si kulewesha. Mwingine alisema mtu akinusa akatia shaka, tayari ni dhambi. Kijana wa kwaya alisimama, kikombe kitupu mkononi, hajui akiweke wapi. Katekista alikuwa anatabasamu. Akaambiwa, "Mwalimu, onja wewe, wewe si unaijua!" Akainua viganja: "Mimi Kwaresima, jamani. Ikiwa ni pombe mtakuwa mmenivunjia mfungo." Nao wale hawakuweza kuonja, maana ikiwa ni pombe wangekuwa wameanguka. Watu wote wale na majembe yao, hakuna aliyekuwa na ulimi ulio huru.

Ndipo mtu, sikumbuki nani, akasema, "Dada yake si yupo? Mpishi wa pombe aamue."

Nilitamani ardhi ifunguke. Nikisema ni togwa, watakunywa, shamba litaisha. Nikisema ni pombe, walokole wataweka majembe begani, na Wakatoliki hawatabaki bure na kiu, na shamba litabaki nusu, na nusu si shamba. Shemeji wataliona. Nilimtazama mdogo wangu nikitafuta anaelekea wapi. Akaniambia mbele ya watu, "Dada, sema ilivyo."

Nikaonja. Nikarudia. Mwanzoni ilikuwa tamu, ya kumpa mtoto. Mwishoni, nyuma ya ulimi, kulikuwa na ule mchomo mdogo ambao mimi huungoja kwenye vyungu vyangu.

"Ni pombe," nikasema. "Changa, lakini ni pombe."

Walokole waliguna. Mdogo wangu alikaa chini kwenye tuta. Wawili watatu walikuwa wanachukua majembe. Nikajikuta naendelea, na sijui kama ni haki iliyonisukuma au uchungu wa dada:

"Ila nimalizie. Ijumaa ilikuwa togwa. Jumamosi mchana ingekuwa togwa, na ndiyo saa mliyoalikwa. Saa hiyo wote tulikuwa ofisi ya kijiji. Mkutano ndio ulioipika hii."

Katekista akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo," mzee wa walokole akasema, "unasema mimi ndiye niliyeichachusha?"

"Wewe na katekista, mzee. Mlisaidiana."

Nilidhani atakasirika. Alitazama kikombe, akakimimina taratibu kwenye majani. Akasema, "Kijito kiko hapo. Vijana, leteni maji." Akachukua jembe lake. Katekista alimwona anarudi mstarini, akarudi na yeye, safari hii upande wa chini, penye majani magumu. Baadhi waliondoka, walokole wachache kwa sababu ya dhambi, na Wakatoliki wachache, nisifiche, kwa sababu ya maji. Waliobaki walitosha. Kama mzee alibaki kwa huruma au kwa kura, siwezi kujua. Nadhani hata katekista hajui kuhusu nafsi yake, na mimi ndiye ninayesali naye.

Kabla hajaendelea, mzee alimwambia mdogo wangu, "Mama, imwage."

"Nitaimwaga, mtumishi."

Matuta ya mwisho yaliinuliwa mawingu yalipokuwa yanapita. Watu walikuwa wanaosha majembe kijitoni shemeji zake wawili walipotokea kwenye njia. Walikuja kutazama, ilikuwa saa yao ya kutazama. Wakasimama ukingoni mwa shamba lililojaa vilima vyeusi kutoka kichaka mpaka kijito, wakatafuta la kusema.

"Shemeji, hongera," yule mdogo akasema. "Tumesikia na pombe ipo."

Mdogo wangu aligeuka. Alizitazama ndoo, alikuwa hajaimwaga pombe bado, mguu ulikuwa unamuuma na kuna mengi ya kufanya, au kuna sababu nyingine, sikumuuliza. Alitazama shamba. Kisha akachota kata iliyojaa, akaenda mpaka waliposimama, akapiga magoti kama tunavyofanya kwa wakwe, na akamnyooshea yule mkubwa kwa mikono miwili.

"Karibuni, shemeji. Hii ni pombe ya shamba langu. Hili hapa."

Alisema pombe. Angeweza kusema kinywaji.

Yule shemeji mkubwa si mjinga. Alishika kata bila kunywa. Akatazama matuta, akatazama kata, akamtazama mdogo wake aliyekuwa anameza mate. Kukataa pombe uliyopigiwa magoti, watu wote wale wakiwa kijitoni wanaona, kungekuwa kutangaza ugomvi. Akanywa. Akapitisha. Akajipangusa mdomo.

"Imefika," akasema. "Shamba lako limependeza, shemeji."

Nililisikia hilo neno *lako*, na fundi paa aliyekuwa karibu nami alilisikia pia, maana alinipiga kiwiko cha kimyakimya, jambo ambalo kwake ni kubwa.

Mzee wa walokole alikuwa anavaa koti. Alikuja akasimama mbele ya mdogo wangu. "Nilisema uimwage, mama."

"Nimekosa, mtumishi. Na ningerudia."

Akafunga vifungo vya koti. "Basi Jumapili utakaa benchi la nyuma. Meza ya Bwana utaiacha ikupite mpaka wazee tukae kikao."

"Nitakaa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma sheria aliyoikuta ukutani. Akafunga jembe kwenye baiskeli yake, akaaga watu wote, na mimi akaniaga, "Kwaheri mama, asante kwa kuonja." Sijui alikusudia nini kwa neno hilo. Sikusikia kejeli.

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili kichwani tangu nirudi. Ningesema ni togwa, mdogo wangu angewapa shemeji zake togwa, na kanisa lake lisingekuwa na la kumwambia. Lakini togwa haina ushahidi, hakuna ugomvi wa mpaka uliowahi kumalizwa na waliokunywa togwa. Niliposema ni pombe nilimpa mashahidi na nikampa kosa, kwa neno moja, na yeye ndiye aliyeamua kuvichukua vyote viwili. Kama nilifanya vizuri sijui. Yeye hajaniambia nimefanya vibaya. Hajaniambia nimefanya vizuri pia.

Kura ni Jumapili, baada ya ibada zote. Mpaka sasa sijui nimpe nani. Katekista atakiacha kilabu changu mahali kilipo. Yule mwingine ataleta maji, na aliinua matuta mengi kuliko mtu yeyote, kisha akamweka mdogo wangu benchi la nyuma. Kuna wakati natamani mtu mwingine aonje kwa niaba yangu.

Jioni tumekula ugali wa mahindi uliochanganywa na ulezi, maharage, na wale migebuka wakavu alioacha binti yangu, niliowachemsha kwa nyanya na chumvi. Mdogo wangu alikuja. Alileta sahani yake na kijiko chake kutoka kwake, akaingia mpaka jikoni, akapakua mwenyewe kwenye chungu changu, akala akamaliza.